Prisons ikishuka, Mbeya tunapoteza nini hasa?

Jelajela wa Ilomba

Wakuu, poleni na baridi ya Juni hii ya 2025.

Jana jioni nimepanda daladala Uyole, nimeshuka Kabwe. Njia nzima konda na abiria wanabishana Dabi ya Jumatano, Yanga na Simba. Nani ataanza golini, nani kaumia, refa ni wa nani. Sawa, hiyo mechi imeahirishwa tangu Machi, watu wana kiu nayo. Lakini hakuna hata mmoja aliyetaja kwamba timu pekee ya mkoa huu iliyobaki Ligi Kuu, Prisons ya Jeshi la Magereza, inaingia mtoano na Fountain Gate kupigania roho yake. Nikachomekea: "Jamani, na Prisons je?" Mama mmoja aliyepakata kapu la maparachichi akanijibu bila kugeuka: "Si wana mishahara yao." Gari zima likaangua kicheko. Mimi kimya mpaka Kabwe.

Usiku sikulala vizuri. Nikajiuliza, hivi hii timu ni kubwa kwa nani?

Kwangu mimi ni kubwa. Bingwa wa Muungano 1999. Imerudi Ligi Kuu msimu wa 2012/13 na haijatoka, misimu 13 mfululizo. Hesabuni waliopita hapa katikati wakatuacha tumekaa palepale: Majimaji, Njombe Mji, Lipuli, Mbeya City, KenGold ya Chunya ambayo imepanda na kushuka kabla hatujazoea kuitamka. Msimu wa 2017/18 tulimaliza wa nne na kocha Bares, nyuma ya Simba, Azam na Yanga. Oktoba 2020 tulimfunga Simba moja bila Sumbawanga. Machi 2024 tukamfuata Morogoro, mbili moja, zote kafunga Mbangula wetu.

Msimu huu wa 2024/25 tumeanza na kocha Makata tukamaliza na Amani Josiah, na bado tuko hapa tunasali. Naomba maoni, ila matusi mwiko.

---

Zambarau Damu

Mkuu, sisi Mbeya City ndio kwanza tunapanda, nyie mnafungasha. Tupishane taratibu mlangoni, mlango wenyewe mwembamba 😂

---

Jelajela wa Ilomba

Nilijua utakuwa wa kwanza. Nyie 2023 mtoano uliwatoa mbele ya Mashujaa, mji mzima ukavaa msiba wiki nzima. Leo unacheka.

---

Zambarau Damu

Hapohapo! Umejijibu mwenyewe kaka. Sisi tuliposhuka mji ulivaa msiba. Nyie mnaelekea kushuka, mama wa parachichi hata shingo hageuzi. Sasa nani mkubwa?

Ngoja nikukumbushe 2013/14, labda ulikuwa zamu. Mbeya City msimu wake wa kwanza kabisa Ligi Kuu, Juma Mwambusi benchi, tukamaliza wa tatu. Juu yetu Azam bingwa na Yanga tu. Simba yuko chini yetu. Mimi nilikuwa naenda Dar na basi la mashabiki, tunaondoka na giza tunafika na giza, nauli tumechangishana mtaani, wengine wamesimama mpaka Chalinze. Unafika uwanja wa ugenini unakuta zambarau imeshajaa upande mmoja, unajiuliza hawa wametoka lini Mbeya. Mwaka uleule tukaenda Khartoum kwenye Kombe la Bonde la Nile. Timu ya halmashauri ya jiji, ina mwaka mmoja Ligi Kuu, inapanda ndege!

Kikombe hatuna, nakubali. Lakini ukubwa wa timu uko kwa watu. Kabati la vikombe ukilifunga hakuna anayelia.

---

Mzee wa Kiwira

Vijana, ndaga. Mnabishana kitu ambacho Tukuyu tulikimaliza 1986.

Nilikuwa darasa la sita. Tukuyu Stars bingwa wa Tanzania Bara. Si wa mkoa, si wa kanda, wa Bara. Siku ya mechi wakubwa walikuwa wanadandia malori ya chai, sisi watoto tunatembea kwa miguu kwenye matope, na mvua ya Rungwe mnaijua, haiulizi kama una mechi. Redio moja inasikilizwa na kitongoji kizima. Na mwaka huohuo bingwa wa Muungano alikuwa Majimaji ya Songea. Kwa hiyo vikombe vyote viwili vilikuwa huku kwetu, Dar wanatazama.

Mnajua kilichofuata. Dar haikuhitaji kutufunga. Ilikuja na bahasha, ikachukua mchezaji mmoja mmoja. Timu ikabaki jina. Hata hao zambarau walichezewa hivyohivyo: Kaseke Yanga, Mwalyanzi Simba, na Mwambusi mwenyewe akaenda Yanga. Watatu hao ndani ya mwaka mmoja, 2015.

Mimi timu kubwa naipima hivi: mjukuu wangu ambaye hajawahi kuiona anaijua. Tukuyu Stars anaijua.

---

Fundi Simu Soweto

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, 1986 hailipi posho ya wachezaji.

---

Mzee wa Kiwira

Marahaba mwanangu. Hailipi, kweli. Lakini leo uzi una mashabiki wa timu kadhaa na mimi ndiye peke yangu ninayeongea nikiwa nimeshiba.

---

Mhesabu

Naomba nirekebishe kitu kabla hakijazoeleka. Mleta mada kaandika "bingwa wa Muungano 1999", kaandika sahihi. Lakini huko mtaani nasikia watu wanasema Prisons iliwahi kuchukua "ubingwa wa Ligi Kuu". Mwaka ule bingwa wa Bara alikuwa Mtibwa Sugar. Ligi ya Muungano ilikuwa ngazi nyingine, timu za juu za Bara zinakutana na za Zanzibar. Tusichanganye.

---

Jelajela wa Ilomba

Mkuu Mhesabu, hujachanganya ila umepunguza. Kama timu za juu za Bara na za Zanzibar zote zimo, na mimi nimekuwa wa kwanza, huo ni ubingwa mdogo kwa kipimo gani? Mtibwa mwenyewe alikuwa Bara hiyohiyo.

---

Mhesabu

Sijasema mdogo. Nimesema una jina lake, uitwe kwa jina lake. Mzee wa Kiwira naye angetaja 1986 bila kutenganisha Bara na Muungano, Wangoni wa Songea wangemfuata na mikuki.

---

Kamwene

Kamweneee wadau. Iringa tupo, tunasoma kwa machungu.

Mleta mada, naomba nimtetee yule mama wa parachichi. Wewe umeumia kwa sababu umeona anaidharau timu yako. Mimi naona amesema jambo ambalo sisi wa Lipuli, Wanapaluhengo, tungelipenda tuambiwe.

Lipuli ilipanda 2017/18. Juni 2019 tuko fainali ya Kombe la Shirikisho, Ilulu kule Lindi, tunacheza na Azam. Kutoka Iringa mpaka Lindi mnaijua hiyo safari? Na watu walikwenda. Tukafungwa moja. Tukarudi tunaimba, tukisema mwakani. Mwakani ndio tukashuka, 2019/20. Kutoka fainali mpaka kushuka ni msimu mmoja tu, na tangu siku hiyo Ligi Kuu tunaiona kwenye banda umiza.

Timu ya wananchi ikishuka haishuki ngazi moja kama ilivyoandikwa kwenye kanuni. Inashuka mpaka chini kabisa. Wachezaji wazuri wanaondoka wiki ileile. Mfadhili hapokei simu. Nauli ya kwenda kucheza ugenini inatafutwa asubuhi ya safari. Kiongozi aliyekuwa anapigania kiti wakati wa Simba na Yanga sasa humwoni hata kwenye kikao. Ukipita uwanja wetu wa Samora siku za kawaida unakuta watu wanafanya mazoezi ya kupunguza tumbo.

Prisons ikishuka leo, Julai askari wako watapanga foleni ya mshahara kama kawaida, Agosti wataanza mazoezi. Mwakani au mwaka kesho kutwa wamerudi. Kwa hiyo mama alikuwa anakuambia usilie, hakuna maiti hapo.

---

Muuza Viazi Njombe

Njombe Mji msimu mmoja, 2017/18. Tulikuja, tukapiga picha na wakubwa pale uwanja wa Sabasaba, tukarudi mashambani. Sisi hatuna mjadala, endeleeni 😅

---

Mtoto wa Kota

Nimekuwa nasoma tu, ila hili la mishahara limenigusa, maana mimi nimekulia kota za Magereza na mpira wa Prisons nimeuona kwa ndani kuliko mnavyouona jukwaani.

Mnalitaja kama kejeli. Chukueni kijana wa miaka 20 anajua mpira, katoka Kyela au Ileje, kwao hawana kitu. Ana milango miwili. Mlango wa kwanza, timu ya uraiani: anasaini miezi sita au mwaka, anaahidiwa hela ya usajili, analipwa nusu, nyingine "wiki ijayo". Goti likipasuka anarudishwa kwao na mkongojo na kila la heri. Mlango wa pili, jeshi: anapita mafunzo, anavaa gwanda, anacheza. Goti likipasuka bado ni askari. Anatibiwa, anapangiwa lindo, anapanda cheo, anajenga. Mimi nina majirani watatu nyumbani waliokuwa wanacheza, leo vitambi vimejaa, watoto wao wamesoma. Kwenye timu zenu mlizozililia nitajieni watatu.

Upande wa pili nao niuseme, msije mkadhani napiga debe. Mtu mwenye uhakika wa mwisho wa mwezi, dakika ya 85 mpira ukiwa sare, wakati mwingine humwona anaridhika na sare. Tulicheza sare nyingi miaka ile mpaka watu wakachoka kuja. Na nidhamu ya kijeshi inazuia mengi mabaya, lakini inazuia pia yule kijana mkorofi mwenye kipaji ambaye angekufungia magoli 15. Huyo hapiti getini. Akipita, hakai.

Kwa hiyo ndiyo, wana mishahara. Hiyo ndiyo timu yenyewe. Ukiitoa hakuna Prisons ya kubishania.

---

Zambarau Damu

Hapa umeandika kitu, Mtoto wa Kota. Nimevua kofia.

---

Kinyozi Mafiati

Mimi ni Yanga, sifichi. Niulizeni maswali yote hapa.

Yanga wakija uwanja wa Sokoine nafunga saluni saa nne asubuhi. Simba wakija nafunga pia, nakwenda kuwazomea. Prisons akicheza na timu ya katikati ya msimamo, Jumanne, saa kumi jioni, upepo wa Loleza unakukata masikio, jukwaani wamekaa askari, wake zao na wauza karanga. Mtanilaumu? Nina vichwa vya kunyoa.

Mleta mada anataka tuipende timu kwa sababu ipo. Hata na mke hupendwi kwa sababu upo tu nyumbani, lazima uoneshe jitihada. Lini Prisons imekuja Mafiati, Mwanjelwa, Sae, ikasema sisi ni wa kwenu? Wachezaji wake tunawajua kwa namba za mgongoni.

---

Jelajela wa Ilomba

Kinyozi, Yanga imekuja lini Mafiati kukuambia ni ya kwako?

---

Kinyozi Mafiati

Haijaja. Nimezaliwa nikaikuta kwa baba. Hapo umenipiga, nakunywa maji kwanza.

---

Dada wa Mwanjelwa

Mimi nauza jezi, naona mapenzi ya watu kwa noti, si kwa maneno. Msimu ule wa kwanza wa Mbeya City jezi za zambarau zilikuwa haziingii dukani, zinaishia mlangoni. Hata bibi wa genge alitaka. Baada ya kushuka nilikaa na mzigo, nikaishia kuwauzia mafundi ujenzi kwa bei ya hasara, mpaka leo nikipita kwenye nyumba inayojengwa naona zambarau juu ya kenchi.

Ya Prisons, kaka yangu wa Ilomba usinichukie, sijawahi kuulizwa hata na mteja mmoja. Askari wanapewa zao, na raia nadhani anaona kama kavaa sare ya serikali, anaogopa 😂. Timu ambayo jezi yake haina bei mtaani, ukubwa wake tuutafutie jina lingine.

---

Mpunga wa Ubaruku

Nyie wote mnaogopa kushuka. Sisi wa Ihefu hatukushuka.

Tarehe 29 Novemba 2022, uwanja wa Highland Estates, Ihefu 2, Yanga 1. Mechi 49 Yanga hawajafungwa, zimekuja kuishia kwetu, kijijini, katikati ya mashamba ya mpunga. Never Tigere na Lenny Kissu. Oktoba 2023 wakaja tena, tukawapiga tena mbili moja palepale, ili wasiseme ile ya kwanza ilikuwa bahati. Mkoa wa Mbeya msimu wa 2022/23 ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu, mnakumbuka? Prisons, City na sisi.

Halafu katikati ya msimu wa 2023/24 tukasikia timu inahamia Singida. Msimu uliofuata hata jina hatuna, inaitwa Singida Black Stars. Hakuna aliyetufunga. Tuliamka tukakuta nyumba ipo ila wenyewe wamehama usiku na vyombo.

Lipuli ana kaburi, anaweza kwenda kuweka maua. Sisi marehemu wetu tunamwona kwenye televisheni anakimbia, kavaa nguo za watu wengine.

---

Fundi Simu Soweto

Daah. Pole mkuu.

---

Kamwene

Nimeacha kulia mambo ya Lipuli. Pole sana ndugu yangu.

---

Mwana wa Sumbawanga

Naunganisha na hilo. Mnasema "timu ya Mbeya, timu ya Mbeya". Msimu wa 2020/21 Prisons ilianza kwa kucheza mechi za nyumbani hapa kwetu, uwanja wa Nelson Mandela. Ile moja bila ya Simba mleta mada anayojivunia ilikuwa Rukwa, siyo Sokoine! Tulijaa, tukawabeba, tukajua ni yetu. Halafu wakarudi huko kwenu na hatukuagwa.

Someni jina vizuri: Tanzania Prisons. Sio Mbeya Prisons. Magereza yapo kila mkoa. Siku wakubwa wakiamua kambi iwe Dodoma au Morogoro, mtaandamana kwa nani?

---

Jelajela wa Ilomba

Hili ndilo swali nililoshindwa kulala nalo, nilikuwa nalizungukazunguka tu.

Nakubali jezi haiuziki. Nakubali Kinyozi ana vichwa vya kunyoa. Mtoto wa Kota kanifundisha, nami Ilomba ni jirani tu, si mtu wa ndani. Lakini Mpunga wa Ubaruku ameniogopesha kuliko Fountain Gate. Nimekuwa nikidhani kinachoiweka Prisons hapa ni historia, kumbe ni amri ya mahali fulani ambayo haijabadilishwa. Na amri haijali kombe la 1999.

Ila naomba mnisikilize na mimi. Mechi za Prisons nazikumbuka tangu mzee wangu akinishika mkono, tunaingilia geti la upande wa mzunguko, ananinunulia muwa. Hakuwa askari. Alikuwa fundi cherehani Mwanjelwa. Hakuna aliyekuja kumwambia timu ni yake. Alijipa mwenyewe. Wapo wengi hivyo, hawanunui jezi, wanakuja na koti na redio ndogo, wanakaa kona ileile miaka 20. Mkihesabu watu wa jukwaani wale huwa mnawaruka kwa sababu hawaimbi.

---

Mzee wa Kiwira

Baba yako na mimi tungeelewana.

---

Mhesabu

Kwa kumbukumbu tu, mtoano wa msimu huu ni hivi, maana naona wengine wanazika mapema: wa 13 na wa 14 wanacheza nyumbani na ugenini, mshindi anabaki Ligi Kuu. Anayepoteza hajashuka bado, anakutana na aliyeshinda mtoano wa Championship, ligi ya chini yake. Mbeya City 2023 walipita njia hiyohiyo, wakapoteza kwa KMC kisha wakapoteza kwa Mashujaa. Kwa hiyo Prisons ina milango miwili, si mmoja.

---

Zambarau Damu

Milango miwili tuliiona ikifungwa yote. Usimpe mtu moyo wa uongo.

Sasa nisikilizeni, na mkinicheka sawa. Mimi nataka Prisons abaki. Si kwa mapenzi! Tumekaa Championship misimu miwili, kimya, tunacheza na timu ambazo viwanja vyake vina mbuzi. Nimepanda Ligi Kuu nataka Dabi ya Mbeya. Nataka Sokoine igawanyike katikati, nataka Kinyozi afunge saluni kwa ajili yetu sisi kwa sisi, bila Yanga wala Simba. Nikifika nikakuta ameondoka, nitakuwa nimerudi kwenye harusi na bibi harusi hayupo.

Na kuna jambo sijawahi kulisema kwenye uzi. Miaka ile Prisons walikuwa wananiudhi kwa sababu walikuwa hawatuogopi. Tumejaa uwanja mzima, zambarau mpaka kwenye miti, wao wamesimama kama wapo gwaride. Timu ndogo haina shingo ile.

---

Jelajela wa Ilomba

Sikutegemea kuisoma hii kutoka kwako. Mechi ya hapa utakuja?

---

Zambarau Damu

Nakuja. Na jezi yangu ya zambarau. Nitakaa kwenu, atakayenitoa aje na pingu.

---

Mtoto wa Kota

Pingu zipo, karibu sana 😂

---

Dada wa Mwanjelwa

Kama kuna anayejua zinakopatikana jezi za Prisons kwa jumla aniambie inbox. Dazeni moja tu, nijaribu.

---

Mpunga wa Ubaruku

Nauli ya kutoka huku hadi mjini ninayo. Nitakuja kuangalia timu ambayo bado ipo kwao.

---

Kinyozi Mafiati

Saa kumi nina bwana harusi. Nitakuja kipindi cha pili.

---

Jelajela wa Ilomba

Kinyozi, mnyoe upande mmoja, mwingine umalizie baada ya mechi.

---

Kinyozi Mafiati

Dabi ya Jumatano ikipita salama tutaongea.